Eti Karaindrou Anajirudia

Lalamiko kuhusu Eleni Karaindrou ni lile lile: anajirudia. Ala za nyuzi zinaingia polepole, akodioni au obo inaleta wimbo mfupi wa huzuni, unazunguka, unaisha. Halafu unarudi ukiwa umebadilishiwa ala tu. Hata mimi nililalamika hivyo. Mara ya kwanza niliposkiza muziki wake wa filamu ya Ulysses' Gaze (1995) nikiwa kwa matatu, nilidhani simu imekwama.

Kumbe nilikuwa nauskiza vile naskiza kila kitu, kidole kikiwa tayari kuruka.

Karaindrou, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 1941, alitunga muziki wa filamu nane za Theo Angelopoulos, kuanzia Voyage to Cythera (1984) hadi The Dust of Time (2008). Angelopoulos hakuwa mtu wa kumletea filamu iliyokamilika aipake muziki kama rangi ya ukuta. Alimsimulia hadithi, naye akaanza kutunga mapema. Na hizo filamu, wacha tu. Kamera inakaa sehemu moja dakika nzima, watu wanangoja mpakani, mvua inanyesha, hakuna anayekimbia.

Katika Ulysses' Gaze kuna sanamu ya Lenin iliyokatwa vipande, imelazwa juu ya boti, inateremka mto Danube. Watu wanaifuata kando ya maji, wengine wanapiga ishara ya msalaba. Ni maziko au ni sherehe? Mtunzi mwingine angetuamulia: ngoma zipande, nyuzi zilie, tujue pa kulia. Karaindrou anazungusha wimbo wake mmoja, viola ya Kim Kashkashian ikiubeba, na swali linabaki kwako. Kwa hivyo naona kujirudia kwake ni adabu. Hakusukumi.

Lakini pia tusimfanye malaika. Kuna vipande vya The Weeping Meadow (2004) ambavyo ukiviondolea picha vinabaki muziki wa mapokezi ya hoteli, mzuri na usio na hatia. Hapo wanaomlaumu wana haki.

Ndiyo maana kazi ninayoitumia kumpima ni Trojan Women (2001), ambayo haina kamera kabisa. Ni muziki wa jukwaani, wa tamthilia ya Euripides: mji umeanguka, waume wameuawa, wanawake wanasubiri kugawiwa washindi kama mizigo. Ndani yake kuna kwaya, nai, na ganuni, ndugu wa ile tunayoijua kwenye taarab ya Unguja, hivyo sikio la huku halijihisi mgeni sana. Wimbo unarudi tena, kama kawaida yake. Ila hapa kila ukirudi unakuta hali imezidi kuharibika, yaani ni wale wale wanawake, na wamebaki na kitu kimoja cha kusema.

Angelopoulos aligongwa na pikipiki Januari 2012 akiwa kazini, akipiga filamu mpya, akafa. Wengi huzungumza juu ya Karaindrou kana kwamba naye aliishia hapo. Aliendelea: albamu ya Medea ilitoka 2014, David ikaja 2022. Ukitaka kuanza, anza na Trojan Women, usiku, na uiache icheze hadi mwisho.