Mafundi wa Land Rover za Zamani

Kufufua Land Rover ya zamani huanza na uamuzi: irudishwe ilivyotoka kiwandani, au ifanyiwe marekebisho? Katika miji ya barabarani kama Iguguno, wilayani Mkalama, kwenye nchi ya alizeti na vitunguu, anayelijibu swali hilo kwa spana ni fundi makanika, na anastahili pongezi.

Gari hilo lilizinduliwa na Waingereza mwaka 1948. Bodi yake ni ya alumini; chesisi ni ya chuma, nayo huliwa na kutu. Fundi mzuri hukagua chesisi kwanza, rangi baadaye. (Wenye haraka hufanya kinyume.) Series III, toleo lililoanza kuundwa mwaka 1971, haina kompyuta, na sehemu kubwa ya bodi yake imefungwa kwa bolti.

Anayelitunza gari kama kumbukumbu hutafuta vipuri halisi, hata kwa bei ya kuumiza. Gari la kazi ni jambo jingine. Injini ya petroli ya lita 2.25 inakunywa mafuta, hivyo wapo wanaofunga ya dizeli kutoka Toyota. Hapo ndipo ufundi unapoonekana: kuchonga viegemeo vipya vya injini, kuunganisha gia boksi bila mtetemo, kuimarisha breki zimudu nguvu iliyoongezeka. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo Mamlaka ya Mapato (TRA) nayo hujulishwa.

Fundi bora hakati chesisi pale bolti inapotosha, na injini ya zamani humkabidhi mwenye gari aitunze. Kwa gari la kubeba mizigo, uamuzi wa kubadili injini ni sahihi.