Anguko na Waegemezaji: Majina ya Vitabu Viwili vya Vita vya Kagera

Vitabu viwili vya Kiswahili vilivyotoka mara baada ya vita vya 1978–1979 vyafanana kwa jambo moja lisiloangaliwa sana. Baldwin Mzirai alikiita chake Kuzama kwa Idi Amin (1980). Henry Muhanika akauita wake Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada (1981). Hapa hazipimwi kurasa wala beti. Yapimwa majina tu, kwa kuwa jina la kitabu humfikia hata asiyekisoma.

Kuzama na kuanguka ni vitenzi visivyodai mtendaji wa pili. Kilichozama kimezama kwa uzito wake. Kilichoanguka kimeanguka chenyewe. Kiswahili kina angushwa na zamishwa, na askari wa Tanzania walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 walistahili kauli hizo. Lakini upungufu mkubwa zaidi uko upande wa pili. Hakianguki ila kilichokuwa kimesimama, na Amin alisimama miaka minane. Nani walimwegemeza? Swali hilo halina nafasi ndani ya neno anguko.

Jibu lake lapatikana katika zao linalojulikana vema Bukoba na Muleba. Mwaka 1970 serikali ya Obote ilitangaza kuchukua asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa, mengi yakiwa ya Waingereza. Amin alipotwaa utawala Januari 1971, Uingereza ilimtambua kabla ya majuma mawili kutimia. Urafiki huo ulivunjika upesi: Marekani ilifunga ubalozi wake Kampala mwaka 1973, na Uingereza ikakata uhusiano mwaka 1976. Balozi zikafungwa, biashara ikabaki wazi. Ndege za Uganda ziliendelea kupakia vileo na anasa nyingine huko Stansted, karibu na London, kwa ajili ya maofisa wa jeshi, hadi vita vilipokuwa vimekwisha kupamba moto. Makampuni ya Marekani nayo yalinunua takriban theluthi moja ya kahawa ya Uganda, zao lililoleta karibu fedha zote za kigeni za nchi hiyo. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ilipanda mno, na fedha zikamwendea Amin kwa wingi zaidi.

Wajumbe wa Bunge la Marekani walipodai biashara hiyo ikomeshwe, serikali yao yenyewe ilipinga kwanza, kwa hoja ya uhuru wa biashara. Marufuku ilipata nguvu ya sheria Oktoba 1978, bei ikiwa imekwisha kushuka kutoka kilele cha 1977. Mwisho wa mwezi huo huo majeshi ya Amin yalifika mto Kagera, na Bukoba ikapigwa mabomu kutoka angani. Ukaribu wa tarehe hizo hauthibitishi kwamba moja lilizaa jingine. Silaha zenyewe, tena, zilitoka zaidi Urusi ya Kisovieti na Libya. Lakini utiifu wa jeshi lile ulinunuliwa kwa fedha za kahawa, na wanunuzi walikuwa raia wa mataifa yaliyomlaani Amin hadharani.

Huenda ikajibiwa kwamba utenzi wa vita wataka shujaa na adui, wala si hesabu za magunia. Jibu hilo halitoshi. Al-Inkishafi imejaa majumba na vyombo vya matajiri wa Pate, nayo haikupungukiwa utukufu. Wahaya, kwa upande wao, wanalo neno butura: kuuza kahawa ingali mtini, kwa fedha kidogo za haraka. Ni neno chungu, lakini lina haki kuliko anguko, kwa maana ndani yake yumo muuzaji mwenye shida na yumo pia mnunuzi mwenye fedha mkononi. Mkulima wa Muleba, mwenye mibuni yake katikati ya migomba, hahitaji kufafanuliwa kwamba mnunuzi anaweza kuitegemeza nyumba asiyopenda kuingia.

Marekani iliondoa marufuku yake Mei 1979, mwezi mmoja baada ya Kampala kutekwa.