Jinsi Kipindupindu Kilivyopata Ganda Jipya

Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, na mwanzoni mwa Mei kipindupindu kikathibitishwa Pemba na Mecúfi. Kabla mwezi haujaisha, watu wapatao 250,000 wa Pemba, Metuge na Mecúfi walikuwa wamelengwa kupewa chanjo ya kunywa. Ndani ya kila dozi mlikuwa na bakteria waliouawa wa makundi mawili: O1, ambao ndio wanaowaangusha watu wa pwani hii, na O139, ambao mlipuko wao haujawahi kutufikia. Mtoto wa mtaa wa Paquitequete, Pemba, alinyweshwa kinga ya ugonjwa uliozuka Bara Hindi kwa sababu gani? Jibu limo katika jeni za ganda.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, hupangwa kwa sukari zilizo juu ya mwili wao, na makundi yao yanapita 200. Hadi mwaka 1992 ilijulikana kwamba milipuko mikubwa huletwa na O1 peke yake. Mwishoni mwa mwaka huo, Madras kisha Bengal na Bangladesh, wagonjwa wakamiminika hospitalini wakiwa na kipindupindu kamili, lakini bakteria wao hawakugandishwa na seramu ya O1. Wengi walikuwa watu wazima, watu ambao kwa kawaida kinga ya miaka mingi ingewalinda.

Mwaka 1994 Waldor, Colwell na Mekalanos walionyesha kwamba O139 wana ganda la sukari ambalo O1 hawana. Njia waliyotumia ni nzuri sana. Walipachika kipande cha DNA kinachohamahama ndani ya jeni za bakteria, kimoja hapa, kingine pale, kisha wakatafuta waliopoteza ganda. Baadhi yao walikuwa wamepoteza pia sukari za kawaida za juu ya utando, dalili kwamba jeni zilezile zinahudumia ujenzi wa vyote viwili. Bila ganda, bakteria hao waliuawa kwa urahisi zaidi na seramu ya damu na wakashindwa kushika vyema katika utumbo wa vipanya wachanga.

Ganda hilo lilitoka wapi? Bik na wenzake huko Uholanzi, mwaka 1995, pamoja na maabara nyingine, walisoma eneo la kromosomu linalotengeneza sukari hizo. Kipande cha O1 chenye jozi za besi kama 22,000 kilikuwa kimeng'olewa, na mahali pake pameingia kingine cha jozi kama 35,000. Jeni za pande zote mbili zilibaki palepale. Sehemu kubwa ya kromosomu, jeni za sumu zikiwemo, ilikuwa ya O1 wa El Tor, walewale wa wimbi la saba la kipindupindu lililofika Afrika mwaka 1970. Kwa maneno mengine, adui alikuwa yuleyule, amebadili vazi tu. Kipande kinachofanana mno na hicho kipya kimepatikana kwa kundi la O22.

Linalonigusa zaidi ni jaribio la Blokesch na Schoolnik wa Stanford, mwaka 2007. Walijua kwamba bakteria hawa wakikua juu ya kaitini, dutu ya magamba ya kaa, kamba na uduvi, huanza kunyonya DNA iliyo majini. Wakawapa O1 walio juu ya kaitini DNA ya O139. Wachache wakabadilisha kipande chote kwa hatua moja, wakawa O139. Kisha virusi wanaoshambulia O1 pekee walipoingizwa, waliobadilika wakasalimika. Griffith alikuwa ameona jambo la aina hiyo London mwaka 1928 kwa bakteria wa nimonia, lakini hapa tunaona mahali linapoweza kutokea: maji ya chumvi yenye magamba, kama mikokoni kwetu kutoka Palma hadi Ibo.

Nisieleweke vibaya. Uchambuzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mbegu za milipuko ya Afrika ziliingizwa kutoka Asia, angalau mara 11 tangu 1970. Mlipuko uliowapata watu wa Mocímboa da Praia, Macomia na Ibo mwaka 2020, huku vita ikiwafukuza makwao, ulihitaji maji safi na vyoo kuliko nadharia yoyote ya ganda.

Hata hivyo naunga mkono sehemu ya O139 iwemo katika chanjo, ingawa mwitikio wa kinga dhidi yake ni hafifu kuliko ule wa O1. Chanjo iliyojaribiwa Beira kuanzia mwishoni mwa 2003 ilikuwa na bakteria wa O1 tu, na iliwakinga watu kwa asilimia 78, kwa kuwa O1 ndio waliokuwepo. Vietnam iliongeza O139 katika chanjo yake mwaka 1997, miaka mitano baada ya Madras. Bakteria walihitaji hatua moja.