Heko, Wauza Viungo wa Darajani

Wauza viungo wa soko la Darajani, Unguja, lililojengwa mwaka 1904, wanastahili pongezi. Kwao huuziwi kifurushi tu, unapewa na maelekezo: tangawizi mbichi ipondwe kwa mwenye kichefuchefu, mchaichai ufungwe fundo, uchemshwe kwa asiyetaka majani ya chai usiku, iliki na karafuu kidogo kwa apendaye harufu. Muuzaji huvunja kijiti cha mdalasini mbele yako, unuse kwanza, bei baadaye. Na aliye muungwana haahidi miujiza. Homa isiyoshuka, atakwambia, ipeleke hospitali. Chai yake ni ya kutuliza tumbo, kulainisha koo na kuchangamsha baraza.