Turner alilificha jitu

Jua la Turner katika picha ya mwaka 1829, Ulysses akimdhihaki Polyphemus, limesifiwa kwa karibu karne mbili, na linastahili. Kosa liko juu kushoto, kule mlimani, na ni kubwa.

Kisa kinajulikana. Jitu, Polyphemus, limetobolewa jicho lake la pekee, mabaharia wametoroka pangoni chini ya matumbo ya kondoo, na Ulysses, akiwa tayari majini, anapaza sauti kulidhihaki. Kwa Homer, hapo ndipo hatari inaporudi: jitu linang'oa kilele cha mlima na kuirushia merikebu, kisha, Ulysses akishajitaja jina, linamwomba baba yake, Poseidon, alipize kisasi. Dhihaka ni ya watu wawili. Turner kamchora mmoja.

Polyphemus wake kapakwa rangi ileile ya ukungu unaomzunguka. Bega halijulikani linapoishia, kiuno kimemezwa na jabali, na mkono ulioinuliwa unaweza kudhaniwa moshi. Ulysses anaupigia kelele mlima.

Watetezi husema jitu na mlima ni kitu kimoja, kwamba mchoraji aliyaachia maumbile yaseme. Nicolas Poussin alilifanya hilo mwaka 1649, na akalifanya vizuri zaidi. Jitu lake limeketi kileleni, limetupa mgongo, linapiga zumari. Ngozi na mwamba vinakaribiana rangi, lakini mgongo una misuli na mabega yana uzito. Annibale Carracci naye, kwenye dari la Palazzo Farnese mjini Rome, alimchora Polyphemus kiwiliwili kimejisokota, jiwe mikononi. Anayetazama kutoka chini hutamani kuinama.

Mengine katika picha ya Turner yamekaa sawa. Farasi wa Apollo ndani ya jua, waliotokana na sanamu za Parthenon, ni wazo zuri. Nereidi, wasichana wa baharini wa hadithi za Kigiriki, wenye nyota kwenye paji la uso wamekaa mahali pao mbele ya chombo.

Lakini Turner ana mazoea ya kuwazamisha wahusika wake katika anga. Mwaka 1812 alipochora jeshi la Hannibal likivuka milima ya Alps, dhoruba ilijaza turubai na Hannibal akabaki doa dogo mbali, juu ya tembo. Pale ilikubalika, kwa kuwa adui alikuwa dhoruba yenyewe. Hapa adui ana jina, ana baba, ana jeraha bichi.

Turubai ina upana wa mita mbili na ushee. Miguso michache ya mwanga begani ingetosha kulitenga jitu na wingu, na brashi iliyolichora jua lile iliiweza kazi hiyo.