Zabuni moja kwa mkoa mzima: mshitiri wa dawa na sisi wa Ole

Mtu huweza kutibiwa bure, kisha akaondoka na karatasi ya kununulia dawa dukani. Kwa maskini, gharama ya matibabu ni karatasi hiyo. Tanzania Bara walilikabili tatizo hili kwa zabuni, na njia yao inatufaa sisi wa Ole, Pemba, kuichambua, ingawa afya si jambo la Muungano na mfumo wao hauvuki bahari.

Zahanati ya umma bara huagiza dawa Bohari ya Dawa, MSD. Zilipokosekana huko, kila zahanati ilisaka muuzaji wake na kununua kidogo kidogo kwa bei iliyotajiwa. Mwaka 2014 Mkoa wa Dodoma, ukisaidiwa na mradi wa Tuimarishe Afya uliofadhiliwa na Uswisi, ulitangaza zabuni moja na kumchagua msambazaji mmoja binafsi: mshitiri. Mwaka 2016 ikafuata mikoa ya Morogoro na Shinyanga, na 2018 mikoa yote 26 ya bara.

Sifa nyingi hupewa ushindani wa bei. Mimi naona nguvu iko katika kujumlisha. Zahanati inayotaka makopo machache ya amoksilini haina sauti mbele ya muuzaji wa jumla. Mfamasia wa halmashauri akiunganisha maombi ya vituo vyote, mzigo huwa wa kugombewa. Tena bei zimeshafungwa kwenye mkataba, kwa hiyo muuguzi wa kijijini hana haja ya kupatana na mtu. MSD bado huombwa kwanza. Mshitiri hujazia kilichokosekana.

Udhaifu uko kwenye malipo. Kituo hununua kwa fedha zake: za bima ya afya, za wagonjwa wanaochangia, za mfuko wa pamoja wa afya. Kisicho na fedha hakipati kitu, hata zabuni iwe safi vipi.

Hapo ndipo Pemba inapotofautiana. Huduma zetu tangu Mapinduzi zimesimama juu ya matibabu bila malipo, kwa hiyo mlipaji lazima atajwe kabla ya zabuni kutangazwa. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya 2023, unaweza kuwa mlipaji huyo. Maombi ya Unguja na Pemba yaende pamoja: Zanzibar nzima ilihesabiwa watu 1,889,773 mwaka 2022, na Pemba peke yake ni soko dogo mno. Na wazabuni washindanishwe kwa bei ya dawa iliyokwishafika mlangoni pa kituo, nauli ya meli hadi Mkoani au Wete ikiwemo. Vinginevyo atashinda aliye rahisi bandarini Malindi, Unguja, na gharama ya kuvuka itaangukia kituo.