Mchezo au Chambo?

Ndugu zetu wa pwani, msidhani michezo ya televisheni ni mtihani wa watoto wa miji mikubwa tu. Hata huku Kilosa, na Mikumi iliyo kando ya barabara kuu iendayo Iringa, kijana hutoa senti zake kucheza gemu kibandani. Na pale zawadi inapoahidiwa, mzazi hana budi kuuliza: huu ni mchezo, au ni kamari? Tupime kwa mfano wa zamani, maana mwisho wake umekwisha kujulikana.

Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilianza kuuza Swordquest, mfululizo uliokusudiwa kuwa wa michezo 4: wa ardhi, wa moto, wa maji na wa hewa. Mchezaji huingia chumba hata chumba akihamisha vitu. Akiviweka mahali pake, huonyeshwa nambari za kumwongoza katika kitabu cha katuni kilichouzwa pamoja na mchezo, akatafute humo neno lililofichwa. Aliyekusanya maneno sahihi aliyapeleka kwa kampuni ili apate kushindana. Zawadi zilikuwa 5, za dhahabu na vito, zenye thamani ya dola 150,000. Upanga peke yake dola 50,000.

Tuseme haki. Fumbo lile la maneno lilitaka akili na subira, wala si sawa na kutupa dado. Walakini mchezo wenyewe ni mkavu. Vyumba vya ule wa kwanza vimefuata buruji 12 za nyota, na mchezaji haelezwi kwa nini kitu hiki kikae hapa na si pale. Hubahatisha mpaka kikubali. Aliyenunua hakununua burudani, alinunua tumaini.

Zawadi zilizoshindaniwa zikapata wenyewe ni 2 tu, mwaka 1983 na 1984. Julai 1984 Atari ya michezo ya nyumbani ikauzwa, mashindano yakakatizwa, na mchezo wa nne haukutoka. Ulikuja kutengenezwa na watu wengine mwaka 2022, bila ya dhahabu.

Basi, ewe mzazi, kipimo ni hiki: iondoe zawadi, kisha tazama kilichobaki. Kikibaki cha kunoa akili, mtoto na acheze kwa kiasi, Sala isimpite. Kisipobaki kitu, hicho ni chambo, na ndoana imo ndani. Na ikiwa fedha yatolewa kwa kuvizia bahati, mmoja apate kwa hasara ya wenziwe, hapo hapana shaka tena: ni kamari, iliyokatazwa katika Sura Al-Maida, aya ya 90.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.